Mbacha Tunaoutaja Bila Kuuona

Hakuna mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya asiyeijua methali isemayo "Usiache mbachao kwa msala upitao." Ataikariri, ataifafanua maana yake ya ndani, na akitakiwa atunge kisa kinachooana nayo, atakitunga barabara. Lakini mwulize mwanafunzi huyo huyo mbacha una sura gani, umesukwa kwa majani ya mti upi, na unatofautianaje na msala, jamvi na mkeka. Aghalabu atanyamaza. Nimeliuliza swali hili mara nyingi katika madarasa ya mwaka wa kwanza chuoni, na wanaonyamaza si wale waliotoka bara pekee. Wamo pia vijana waliozaliwa Likoni, Kisauni na Changamwe, ambao nyanya zao hadi hivi leo huketi uani juu ya mikeka hiyo hiyo.

Hili si jambo la kuchekesha. Ni ishara kwamba lugha inabaki mdomoni ilhali vitu vilivyoizaa vinafifia machoni. Mwanafunzi hutamka "kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi" bila kupata kuliona pakacha likivuja, na hutamka "ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa" bila kujua ukambaa ni nini. Methali kwake ni kama noti ya benki isiyo na dhahabu nyuma yake: inapita mkono kwa mkono, lakini haina kitu inachokisimamia.

Dawa ninayoipendekeza kwa walimu na wanafunzi haihitaji bajeti ya wizara. Ni picha. Sisemi picha za sura za watu, wala za ngome na minara. Nasema picha za ruwaza, yaani vitu vya kila siku vinavyojirudia kwa mpangilio ndani ya nyumba zetu, zipigwe humo humo ndani, katika mwanga hafifu uliomo, bila ya flashi. Kisha kila kilichomo pichani kipewe jina lake.

Kwa nini nyumba za ng'ambo ya kisiwa? Kwa sababu ndiko watu waliko. Sensa ya mwaka wa 2019 iliwahesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Katika hao, Mvita, yaani kisiwani, walikuwako 154,171 tu. Kisauni walikuwako 291,930, Likoni 250,358 na Changamwe 131,882. Hata hivyo, mwambie mwanafunzi wa Mtongwe au wa Magongo apige picha ya "utamaduni wetu". Moja kwa moja ataelekea Ngome ya Yesu au kwenye milango ya Mji wa Kale. Simlaumu. Ngome ya Yesu imo katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia tangu mwaka wa 2011, na mji wa Lamu tangu 2001. Nyumba ya kina yake haimo katika orodha yoyote. Amefundishwa, bila ya yeyote kumwambia kwa maneno, kwamba utamaduni ni kitu kilichoko upande wa pili wa feri.

Na tuitazame basi nyumba hiyo isiyo katika orodha. Nyumba ya Kiswahili ya ng'ambo ina ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, mlango wa mbele unaotazama njiani na wa nyuma unaotokea uani. Simama kizingitini saa nne za asubuhi utazame ndani. Milango mitatu kushoto, milango mitatu kulia, kila mmoja na pazia lake, na chini ya kila pazia jozi ya ndara. Mwanga unaingia kwa ncha mbili tu, mbele na nyuma, na unafifia kadiri unavyoikaribia kati ya ukumbi. Pazia la kwanza limeng'aa, la pili limepoa, la tatu ni kivuli. Huo ni mpangilio ambao hakuna msanii aliyeuchora. Umefanywa na wapangaji sita wasioshauriana.

Ingia jikoni kabla ya alfajiri, wakati mama anapokata mahamri chini ya balbu moja. Duara la unga limegawanywa pembe nne, na vipande vimepangwa juu ya sinia safu kwa safu, vyote vya umbo moja, hakuna viwili vilivyo sawa kabisa. Nenda uani uone mitungi ya maji ya lita 20 ilivyojipanga ukutani katika mtaa ambao mfereji haukutoa tone tangu juzi. Tazama juu uone makuti yanavyolaliana juu ya fito. Fika Changamwe, kwenye ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulioanzishwa mwaka wa 1963, uone safu za twiga na vifaru wa mti zinavyongoja msasa bandani. Kisha ingia chumbani kwa mzee, ukunjue mkeka.

Hapo kwenye mkeka naomba tukae kitako, maana ndipo somo lilipo. Mkeka haufumwi kama kitambaa. Husukwa kwanza ukili, yaani utepe mwembamba mrefu, kisha ukili huo hushonwa ubavu kwa ubavu hadi upatikane upana unaotakiwa. Mikeka myembamba ya kulalia husukwa kwa ukindu, ambao ni majani ya mkindu. Vikapu na majamvi ya kazi aghalabu husukwa kwa miyaa, ambayo hutoka kwa mkoma. Tayari msomaji ameona: katika kipande kimoja cha mkeka tumepata ukili, ukindu, mkindu, miyaa na mkoma, na vitenzi viwili, kusuka na kushona, ambavyo havibadilishani nafasi. Mbacha, basi, ni mkeka wa namna hiyo uliochakaa kwa kukaliwa na kuswaliwa juu yake, nao msala ni ule wa kuswalia. Methali iliyokuwa noti tupu imepata dhahabu yake.

Sasa tuje kwenye mwanga, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kijana hutoa simu chumbani, huona giza, huwasha flashi, na hupata picha nyeupe ya kitu bapa kisicho na uhai. Kosa si la mkeka. Flashi hutoka upande ule ule wa lenzi, kwa hiyo hukipiga kitu usoni, na vivuli vyote hukimbilia nyuma yake visionekane. Ukili ni kitu chenye vilima na mabonde madogo. Ukiviondoa vivuli, umeondoa ukili. Mwanga wa mlangoni, kinyume chake, huja kwa ubavu. Huparaza juu ya mkeka, na kila unyuzi hutupa kivuli chembamba juu ya jirani yake. Ruwaza haionekani kwa wingi wa mwanga. Huonekana kwa upande unakotoka.

Ni kweli kwamba mwanga wenyewe ni mchache kuliko tunavyodhani. Wataalamu hupima mwangaza kwa luksi. Jua la adhuhuri hapa kwetu hukaribia luksi 100,000, ilhali chumba chenye balbu moja huenda kisifikishe luksi 100. Jicho hutuficha tofauti hiyo, kwa kuwa mboni hupanuka na baada ya muda tunajiona tumo katika mwanga wa kutosha. Kamera haina subira hiyo. Nje kwenye jua hufungua kilango chake kwa kitambo cha 1/1000 ya sekunde. Ndani yaweza kuhitaji 1/15 au zaidi, na kwa muda huo mkono wa binadamu hutikisika. Wala si hilo pekee. Taa ndogo kama koroboi ina hesabu yake: ukikiweka kitu mara mbili ya umbali wa awali, mwanga unaokifikia hubaki robo. Kwa hiyo kuisogeza taa hatua moja kuna faida kuliko kulalamika.

Tiba zake ni za kawaida. Zima flashi. Usivute picha kwa vidole kwenye kioo. Sogea wewe mwenyewe. Egemea ukuta, au iweke simu juu ya rundo la vitabu, na utumie kile kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Fungua dirisha moja, ufunge la pili, uone vivuli vinavyohama. Kumbuka pia kwamba mtambo wa kulenga hutegemea tofauti ya weusi na weupe, hivyo penye utusitusi na mistari inayofanana hubabaika. Gusa kioo pale kwenye pindo la mkeka, ambapo ruwaza inakoma, nao utashika. Mistari ikiwa myembamba mno kuliko uwezo wa kamera, picha huota mawimbi ya bandia yasiyokuwamo katika kitu. Badili umbali kidogo nayo yatatoweka. Na simu za siku hizi, gizani, hupiga fremu kadhaa mfululizo na kuziunganisha, kisha hupangusa chembechembe za uchafu. Mara nyingi hupangusa na nyuzi za ukindu pamoja nazo. Mwanafunzi anayelinganisha picha na mkeka wenyewe atalitambua hilo, naye atakuwa amejifunza kutoiamini mashine kuliko macho yake.

Huenda mwalimu wa Kiswahili akauliza: haya yananihusu nini mimi? Yanamhusu sana. Lugha yetu nayo imejengwa kwa ruwaza. Sema: "Vikapu vyetu vitatu vikubwa vilivyosukwa vizuri vimechakaa." Sauti ile moja inajirudia katika kila neno, kama ukili unavyorudi baada ya kila mshono, na ndiyo inayoishikilia sentensi isifumuke. Nimewaona wanafunzi wanaouchukia upatanisho wa kisarufi kama adhabu. Lakini mtoto aliyetumia nusu saa akitazama jinsi unyuzi mmoja unavyopita juu ya mmoja na chini ya mwingine, na akaona pale ambapo msukaji alikosea na mkeka mzima ukainama upande, huyo ameshika jambo ambalo kitabu cha sarufi hulieleza kwa jedwali: kwamba kurudia kuna sheria, na anayeivunja sheria huonekana kwa mbali.

Isitoshe, msamiati wa nyumbani una deni tunalopaswa kuulipa. Mnamo mwaka wa 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, ilikubaliwa kuwa lahaja ya Kiunguja ndiyo iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Sina ugomvi na uamuzi huo. Bila usanifishaji nisingeandika makala haya yakasomeka Kitale na Kigoma. Lakini Kimvita kiliachiwa jikoni na uani, na maneno mengi ya jikoni na uani hayakupata nafasi darasani. Mtoto wa Likoni anayesema uteo nyumbani hukutana na ungo kitabuni, na hakuna amwambiaye kwamba yote mawili ni mali yake. Hata kamusi zetu, pamoja na kazi kubwa zilizofanya, mara nyingi hutuacha njia panda kwa maelezo ya "aina ya mkeka" au "aina ya kikapu". Aina gani? Hapo ndipo picha moja nzuri hushinda aya nzima.

Tulikwisha kuonyeshwa njia. Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Matondoni, Lamu, akaishi Mombasa hadi alipofariki mwaka wa 2017, aliona kwamba maneno ya vitu yanapotea pamoja na vitu. Akayahifadhi kwa ushairi: katika Sambo ya Kiwandeo, kilichochapishwa mwaka wa 1979, aliyahifadhi maneno ya uundaji wa vyombo vya bahari, na katika Umbuji wa Mnazi, cha mwaka wa 1985, aliuhifadhi mnazi na kila kitokacho kwake. Si kila mwanafunzi amejaliwa kipaji cha kutunga. Lakini kutazama kwa makini na kuandika jina chini ya picha ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa kila mmoja.

Wala sanaa ya picha si ngeni kwetu. Studio ya Parekh mjini Mombasa ilipiga picha za watu wa mji huu kwa miongo kadhaa. Omar Said Bakor wa Lamu alizipamba sura za wateja wake kwa maua na mapambo. Kandoni mwa kivuko cha Likoni walikuwako wapiga picha waliowasimamisha abiria mbele ya pazia zilizochorwa meli, ndege na majumba marefu. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani, Heike Behrend, ameandika juu yao kwa kirefu. Mbali nasi, kule Bamako, Mali, Seydou Keïta aliyefungua studio yake mwaka wa 1948 aliwapiga watu picha mbele ya vitambaa vya maua, cha kwanza kikiwa shuka la kitandani mwake, na baadaye aliweza kuijua tarehe ya picha kwa kuitazama nakshi ya kitambaa. Zingatieni hilo. Nakshi iliyokuwa nyuma ya watu, ambayo hakuna aliyeijali, ndiyo iliyobaki kuwa kalenda.

Lakini wapiga picha wa kivukoni walichora safari za mbali, kwa kuwa wateja wao waliyatamani ya mbali. Nasi sasa tuyatamani ya karibu. Katika hili kuna faida nyingine ambayo watu wa Pwani wataielewa upesi. Nyumba ina sitara yake, na wapo wengi wasiopenda sura zao, hasa za wanawake wa nyumbani, zitembee katika simu za watu. Wana haki. Picha ya ruwaza haimgusi mtu. Inataka mkeka, mitungi, mahamri na mapazia. Mwanafunzi apige hodi, aombe ruhusa, aonyeshe alichokipiga kabla ya kuondoka. Adabu hiyo nayo ni sehemu ya somo.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Itasemwa kwamba shule nyingi za bweni haziruhusu simu. Naam, na sisemi ziruhusu. Kazi hii ni ya likizo, na kwa shule za kutwa simu moja ya mwalimu yatosha darasa zima kwa zamu. Itasemwa pia kwamba mikeka ya ukindu inatoweka na nafasi yake imechukuliwa na ya plastiki. Basi na ipigwe picha ile ya plastiki pia, iwekwe kando ya ile ya ukindu, na mwanafunzi atueleze kilichobadilika na kilichobaki. Utamaduni si jumba la makumbusho. Mtungi wa njano ni wa kwetu kama mtungi wa udongo ulivyokuwa.

Pingamizi ninalolipa uzito ni hili la tatu: kwamba kuusifu mwanga hafifu ni kuusifu umaskini. Hapana. Mtoto anayesoma kwa koroboi anastahili umeme, na anayemnyima hana udhuru. Lakini si kila utusitusi ni ufukara. Katika pwani ya jua kali, wajenzi walifanya madirisha madogo ili nyumba ipoe, na kivuli cha ukumbini ni hekima kabla ya kuwa upungufu. Tunamdhulumu mtoto mara mbili tukimwacha bila ya umeme, kisha tukamfundisha kwamba chumba alimolelewa hakina kitu kinachofaa kutazamwa.

Ninachopendekeza kwa walimu wenzangu ni hiki. Kila muhula, kila mwanafunzi alete picha moja ya ruwaza kutoka ndani ya nyumba, iliyopigwa bila flashi. Chini yake aandike jina la kitu, jina la malighafi yake, kitenzi cha kukitengeneza, na neno moja ambalo hakulijua kabla ya kumwuliza mkubwa wake. Darasa la wanafunzi 40 litakuwa na maneno 160 kabla ya kufunga shule. Yachapishwe, yabandikwe ukutani, kisha shule ya Likoni ibadilishane na ya Kisauni na ya Changamwe, ili wanafunzi wenyewe waone nani asema uteo na nani asema ungo. Mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unadai mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Hapa pana kitendo, na hakihitaji karatasi ya manila wala gundi inayomtoa mzazi jasho.

Na kwa wanafunzi nasema: likizo ijayo, kabla hamjavuka kivuko au daraja kwenda kutafuta cha kupiga picha, simameni kwanza ukumbini. Mngoje macho yenu yaizoee nusu giza ile. Kisha mwiteni nyanya, mwulizeni kila kimoja kinaitwaje, na mwandike anavyotamka yeye.

Mwandishi ni mhadhiri wa isimu katika chuo kikuu kimoja nchini.